Lete Maji

Kila Jumatatu naanza na safu ya nyuma:
panga, ndoo, mswaki uliokwisha meno.
Kuvu inapenda majina. Inajaza herufi kwanza
ndipo ienee kwingine.
Thorley, A. Nasugua.
Ile th naiweza, ni ya thamani, ya thelathini.
Hayo mengine nayameza.

Umri, ishirini na mmoja.
Chini yake pana maneno aliyonisomea mwalimu Kiluvia
kwa miwani ya kuazima:
“Hapa wameandika, kitinda mimba wetu.”
Basi. Hawakuandika shujaa.
Tangu siku ile jiwe hili silikaribii na panga,
majani yake nang’oa kwa mkono.

Babu yangu Semhando alikuwa mgema.
Novemba ile ya mwaka wa kumi na nne
ilimkuta juu ya mnazi, kibuyu kiunoni,
meli zimejipanga mbele ya Raskazone.
Hakushuka. Angeshukia wapi?
Chini walipita Wahindi wa vilemba, bado wanayumba bahari,
wakapita Wazungu,
zikapita risasi.
Mzinga wa baruti ukalia,
mzinga wa asali ukajibu:
nyuki walitoka mipirani kama waliotukanwa,
na wanaume wazima wakakimbia wakijizaba makofi
mpaka ufukweni.
Babu akisimulia vita, alisimulia nyuki.

Mmoja hakukimbia.
Alikaa shinani, shingo imebabuka jua,
mkono umeshika tumbo kama mtu aliyekula kibaya.
Akatazama juu.
“Lete maji.”

Ndicho Kiswahili alichokuwa nacho.
Kwao kulikuwa na moshi wa viwanda na kaka watano;
akavuka, akapata kipande cha ardhi Uasin Gishu,
akapanda kitani. Miezi kumi na minne.
Mpishi wake alimfundisha lugha,
au aliogopa kumfundisha zaidi:
lete, peleka, funga, nyamaza, haraka.
Kwenye tafadhali hawakufika.
Vita vikatangazwa kitani kikiwa na maua ya buluu.
Akajiandikisha kwa kuwa jirani alijiandikisha.

Haya nimeyajua juzijuzi.
Alikuja mama mmoja, mjukuu wa kaka yake,
ana barua ndani ya mfuko wa nailoni,
na mwalimu Kiluvia akasoma tena:
“Mama, lugha ya huku si ngumu.
Watu wananielewa vizuri.”

Babu alikaa juu ya mnazi akipima.
Maneno yalikuwa amri.
Sauti haikuwa amri.
Alikata dafu, akashuka nalo, akamshika kisogo.
Yule kijana akanywa, nusu ikaingia kolani.
Kisha akatoa neno jingine katika yale aliyokuwa nayo:
“Haraka.”
Alimwambia nani, babu hakujua.
Hapakuwa na mtu pale ila wao wawili.

Bibi alimgombeza mpaka uzeeni.
Wadachi wangekunyonga kwa dafu moja, alisema,
na lenyewe la watu.
Babu alijibu kwamba nazi haina serikali.

Mwaka wa pili yake Waingereza wakauchukua mji,
wakamchukua na yeye, na mdogo wake Mhina,
wakawatwisha masanduku njia ya Handeni.
Lete. Peleka. Haraka.
Babu alirudi, miguu imeoza vidole vitatu.
Mhina hakurudi.
Hana safu, hana herufi za kuota kuvu,
na hakuna anayelipwa kumng’olea majani.
Na yeye alikuwa kitinda mimba.
Nilimwambia yule mama. Mwalimu akatafsiri,
au alitafsiri nusu, sijui.
Mama alinyamaza, akaniomba mswaki,
akasugua jiwe mwenyewe, vibaya, kama mgeni aoshavyo vyombo.

Sikumsahihisha.
Alipoondoka nilirudia herufi moja moja.
Jumatatu ijayo kuvu itakuwa imeshafika kwenye th.